Chuja Kwanza, Ndipo Upunguze

Katika masomo ya sayansi, mwanafunzi hufundishwa mapema namna ya kukiheshimu kipimo. Huambiwa alinganishe jicho lake na alama ya zebaki au spiriti anaposoma themometa, aandike namba pamoja na kizio chake, na arudie kipimo anapokitilia shaka. Mafunzo haya ni ya msingi na hayana budi kuendelea. Hata hivyo, kuna swali moja linaloulizwa mara chache darasani, nalo ni hili: kipimo kichukuliwe kila baada ya muda gani? Mara nyingi jibu hutolewa na kengele ya shule. Kipimo huchukuliwa pale mwanafunzi anapopata nafasi. Na ikitokea kwamba vipimo ni vingi mno kuenea katika daftari, hupunguzwa kwa kuokota kimoja katika kila kumi na kuyaacha mengine yote.

Desturi hiyo yafaa iachwe. Wakati wa kupima ni sehemu ya kipimo chenyewe, kama vile kizio kilivyo sehemu yake. Rula iliyo sahihi kabisa, ikisomwa na mtu makini kabisa kwa vipindi visivyofaa, yaweza kutoa habari ya uongo isiyo na kosa hata moja la kusoma. Na uongo huo ukishaingia katika orodha ya namba, hakuna hesabu iwezayo kuutambua kwa kuzitazama namba hizo peke yake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Bahari ipimwapo saa sita

Mfano ulio wazi hupatikana baharini. Mkazi yeyote wa pwani ya Afrika Mashariki ajua kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda unaozidi kidogo mchana mmoja na usiku wake, na kwamba kujaa kwa leo huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kuliko kujaa kwa jana. Ajua pia kwamba wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua, na katikati yake huja maji mafu. Chanzo kikubwa cha haya yote ni mwezi, na jua huongeza sehemu yake. Wimbi kuu liletwalo na mwezi hukamilisha mzunguko wake kwa saa 12 na dakika 25. Lile la jua hukamilisha wake kwa saa 12 kamili.

Na ichukuliwe kwamba mwanafunzi amesimamisha ufito wenye alama penye gati, naye huenda kuusoma kila siku saa sita kamili mchana. Baina ya kipimo kimoja na kingine hupita saa 24. Katika muda huo wimbi la mwezi huzunguka mara 1.932, yaani, hupungukiwa na 0.068 tu ili kutimiza mizunguko miwili. Mwanafunzi hayupo gatini alasiri wala usiku, kwa hiyo mizunguko ile karibu miwili haimhusu kabisa. Akionacho ni upungufu peke yake. Upungufu huo hujilimbikiza siku hata siku, na baada ya siku 14 na robo tatu hivi hutimia mzunguko mmoja.

Mwanafunzi akichora grafu yake, atapata mstari mzuri unaopanda na kushuka kwa ulaini, mara moja katika siku 14 na robo tatu. Hakuna nukta iliyokaa kando ya mstari, wala dalili yoyote ya hitilafu. Mtu asiyepata kuiona bahari akionyeshwa grafu hiyo, ataamini kwamba maji ya pwani huchukua wiki moja kujaa na wiki moja kupwa. Kila namba iliyomo ni ya kweli. Habari itokanayo na namba hizo si ya kweli. Wimbi la saa 12 na dakika 25 limejitokeza kwa sura ya wimbi la majuma mawili. Hilo ndilo laweza kuitwa wimbi bandia.

Na wimbi la jua je? Hilo hukamilisha mizunguko miwili kamili katika saa 24, kwa hiyo mwanafunzi hulikuta pale pale kila siku. Katika grafu yake halitikisiki hata kidogo, kana kwamba halipo duniani. Liko jingine dogo, lenye mzunguko wa saa 23 na dakika 56, ambalo kwa kipimo cha kila siku huonekana likizunguka mara moja kwa mwaka mzima. Atakayeliona atalidhania kuwa ni badiliko la majira, kati ya kaskazi na kusi.

Hatari huongezeka kadiri vipindi vinavyorefuka. Tuseme mtu mwingine amelipata daftari la mwanafunzi huyo, naye kwa kubana nafasi akaokota kipimo kimoja tu katika kila siku 30. Hesabu ile ile yaonyesha kwamba wimbi la mwezi sasa litavaa sura ya wimbi lenye mzunguko wa siku 943 hivi, yaani zaidi ya miaka miwili na nusu. Kwa muda wa miezi 15 mfululizo maji yataonekana yakipanda, na kama wimbi lenyewe lina kimo cha mita 1 juu ya wastani na mita 1 chini yake, kupanda huko kutafikia mita 2. Ikumbukwe kwamba tangu mwaka 1993, vipimo vya setilaiti vimeonyesha kuwa usawa wa bahari za dunia hupanda kwa wastani wa milimita 3 hadi 4 kwa mwaka. Katika zama ambazo watu wa pwani wahitaji kujua kwa hakika kiasi cha maji yanayowakaribia, mtu mwenye daftari la namba sahihi aweza kutangaza gharika isiyokuwapo, au miezi 15 baadaye akatangaza kwamba bahari inakauka.

Kanuni na maana yake

Kanuni inayotawala jambo hili imejulikana kwa muda mrefu. Harry Nyquist aliandika juu yake mwaka 1928 alipochunguza upelekaji wa habari kwa simu ya maandishi. Vladimir Kotelnikov aliieleza huko Urusi mwaka 1933. Na Claude Shannon akaiweka katika umbo lake mashuhuri mwaka 1949. Kwa maneno mepesi, kanuni yasema hivi: ili wimbi lifuatwe bila udanganyifu, sharti lipimwe zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake. Wimbi la saa 12 na dakika 25 basi latakiwa lipimwe kwa vipindi vilivyo vifupi kuliko saa 6 na dakika 12. Kipimo cha kila saa hutosha na kubaki. Kipimo cha kila siku hakitoshi.

Wengi wanaoisikia kanuni hii kwa mara ya kwanza huielewa nusu. Hudhani kwamba wimbi la haraka lisipopimwa vya kutosha hupotea tu, kama vile samaki wadogo wapitavyo katika matundu ya jarife. Kama ingekuwa hivyo, hasara isingekuwa kubwa. Ukweli ni kwamba wimbi hilo halipotei. Hubaki katika namba likiwa na nguvu zake zote, isipokuwa limebadili jina na mwendo.

Sauti hudhihirisha jambo hili vizuri. Mitambo ya simu ya kidijitali hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde. Sauti yenye mitikisiko 7,000 kwa sekunde ikiachwa iingie humo, itatoa namba zile zile ambazo zingetolewa na sauti ya mitikisiko 1,000. Msikilizaji wa upande wa pili atasikia mlio mzito ambao haukutolewa na mtu yeyote. Ndiyo maana sauti zote zilizo juu ya mitikisiko 3,400 hivi huzuiwa na chujio kabla ya kupimwa. Mhandisi wa simu hangoji namba ziharibike ndipo atafute dawa.

Upunguzaji wa vipimo

Zamani hatari ilikuwa zaidi katika kupima kwenyewe, kwa sababu kila kipimo kilidai mtu, kalamu na saa. Leo hali imegeuka. Vyombo vidogo vya elektroniki huweza kupima joto, unyevu, au kina cha maji kila dakika, usiku na mchana, bila kuchoka. Tatizo la kupata vipimo vingi limepungua, na mahali pake limekuja tatizo la kuvipunguza. Mtu aliye na vipimo 1,440 vya siku moja hutaka kubaki na 24, au na 1. Hapo ndipo kazi iliyofanywa vyema na chombo inapoharibiwa mezani.

Yafaa jambo hili lisisitizwe. Chombo kilichopima bahari kila saa kimeitii kanuni. Lakini mtu akiokota katika daftari lake kipimo cha saa sita mchana peke yake na kuyafuta mengine, amejirudisha pale pale kwa mwanafunzi wa ufito. Kwa mujibu wa namba alizobakiza, chombo kile hakikupima kila saa. Kilipima mara moja kwa siku. Kila upunguzaji ni upimaji mpya, na kanuni huanza kazi upya kwa kipindi kipya.

Njia iliyo salama ni kuchuja kwanza, ndipo kupunguza. Chujio jepesi kuliko yote ni wastani. Badala ya kuokota kipimo cha saa sita, na uchukuliwe wastani wa vipimo 24 vya siku nzima. Hesabu yaonyesha kwamba wimbi la mwezi lenye kimo cha mita 1 litapunguzwa hadi kubaki sentimita 3 na nusu. Na kwa kuwa mizunguko miwili ya wimbi hilo huchukua saa 24 na dakika 50, mtu mwangalifu zaidi atachukua wastani wa vipimo 25, akiazima kimoja kutoka siku ifuatayo. Badiliko hilo dogo litalishusha wimbi la mwezi hadi chini ya sentimita 1. Hapa mwanafunzi hujifunza kwamba chujio nalo huchaguliwa kwa kukijua kile kinachochujwa. Baada ya hapo, kubaki na namba moja kwa siku hakuna madhara makubwa, kwa kuwa lile ambalo lingeleta udanganyifu limekwisha kuondolewa.

Je, haiwezekani kuokota kwanza, halafu kuchuja? Swali hili huulizwa kwa nia njema. Mtu aweza kusema kwamba wimbi bandia la siku 14 na robo tatu lajulikana, basi na liondolewe kwa wastani wa majuma mawili. Ni kweli kwamba litaondoka. Lakini litaondoka pamoja na kila jambo la kweli lililotokea katika bahari kwa muda wa namna hiyo, kama vile maji yaliyosukumwa pwani na upepo mkali wa siku kadhaa. Na katika daftari la siku 30, atakayelifuta wimbi la miaka miwili na nusu atafuta pamoja nalo mabadiliko ya kweli ya bahari ambayo ndiyo aliyotaka kuyajua. Wimbi bandia na la kweli yakishapata mwendo mmoja, chujio halina jicho la kuyatenganisha.

Machujio yasiyotambuliwa

Wazee wa sayansi ya upimaji walilijua jambo hili hata kabla ya hesabu zake kukamilika, na vyombo vyao vyashuhudia. Kipimo cha maji ya bahari cha namna ya zamani hukaa ndani ya bomba pana lililosimamishwa majini, lenye tundu dogo karibu na chini. Mawimbi ya upepo, yanayopanda na kushuka kwa sekunde chache, hayapati nafasi ya kuingiza na kutoa maji katika tundu hilo. Kujaa na kupwa, kunakokwenda polepole, huingia bila taabu. Tundu lile dogo ni chujio, nalo limewekwa mahali pastahilipo: kabla ya kipimo.

Mfano mwingine umo katika uwanja wa shule nyingi. Kipimamvua husomwa mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi, na hakuna ubaya wowote. Chombo hicho hukusanya kila tone lililoanguka tangu jana. Kwa hiyo, kinaposomwa hutoa jumla ya saa 24. Chombo chenyewe kimekwisha kuchuja. Kando yake yaweza kuwapo themometa ya kawaida, nayo ikasomwa saa hiyo hiyo. Themometa haikusanyi kitu. Hutoa habari ya dakika ile tu, na haina la kusema juu ya joto la saa nane mchana wala baridi ya alfajiri. Vyombo viwili katika uwanja mmoja, vikisomwa na mwanafunzi mmoja kwa saa moja, hutoa namba za maana mbili tofauti kabisa. Mwalimu atakayewaonyesha wanafunzi tofauti hiyo atakuwa amewafundisha jambo kubwa bila kutumia senti.

Pale vipimo vya mara kwa mara visipowezekana

Kuna hoja ya haki inayoweza kutolewa dhidi ya yote haya. Mara nyingine haiwezekani kupima mara kwa mara, hata mtu apende vipi. Setilaiti inayopima usawa wa bahari haiwezi kukaa juu ya mahali pamoja; huzunguka dunia na kurudi pale pale baada ya siku kadhaa. Je, kazi hiyo iachwe?

Jibu limo katika historia ya setilaiti zenyewe. TOPEX/Poseidon, iliyorushwa na Marekani pamoja na Ufaransa mwezi Agosti 1992, ilipita juu ya mahali pale pale kila baada ya siku 9.9156. Namba hiyo haikutokana na bahati. Wataalamu walikokotoa mapema kwamba kwa kipindi hicho wimbi la mwezi la saa 12 na dakika 25 lingeonekana kama wimbi la siku 62, na lile la jua kama wimbi la siku 59. Kwa kuwa namba hizo mbili zatofautiana, vipimo vya miaka 3 hivi hutosha kuyatenganisha. Setilaiti ya ERS-1 ya nchi za Ulaya, iliyorushwa mwaka 1991, ilikuwa na njia iliyofungamana na jua. Ilipita kila mahali kwa saa ile ile ya jua. Kwa ajili hiyo wimbi la jua la saa 12 halikuonekana kwake likitikisika hata kidogo, kama lilivyofichika kwa mwanafunzi wetu wa gatini. Njia hiyo ilichaguliwa kwa manufaa mengine, na gharama yake ilijulikana.

Funzo ni kwamba wimbi bandia halimtishi mtu aliyelihesabu kabla ya kuanza. Humdhuru yule asiyejua kuwa lipo. Asiyeweza kupima mara nyingi na akokotoe mapema ni sura gani kila wimbi litavaa, kisha achague kipindi kitakachoyatenga.

Mambo yafaayo kufanywa shuleni

Kutokana na hayo, mambo matatu yastahili kuingia katika desturi ya masomo ya sayansi katika shule za sekondari.

Kwanza, kila jedwali la vipimo linaloandikwa na mwanafunzi lionyeshe kipindi cha kupimia, na chini yake sentensi moja ya kueleza kwa nini kipindi hicho kilichaguliwa. Sentensi hiyo humlazimu mwanafunzi kujiuliza ni badiliko gani la haraka kuliko yote lililomo katika kitu anachokipima. Asiyeweza kulijibu swali hilo hajawa tayari kuanza kupima.

Pili, vipimo vinapopunguzwa, mwanafunzi aandike vilivyopunguzwa kwa njia gani: kwa kuokota, kwa wastani, au kwa jumla. Shirika la Permanent Service for Mean Sea Level la Liverpool, lililoanzishwa mwaka 1933, hukusanya kutoka vituo vya dunia nzima, vikiwamo vya Zanzibar na Mombasa, wastani wa kila mwezi wa usawa wa bahari. Neno “wastani” katika kazi hiyo si pambo. Bila neno hilo, kumbukumbu za vituo hivyo zisingeweza kumwambia mtu lolote la kuaminika kuhusu milimita 3 kwa mwaka.

Tatu, wanafunzi wauone udanganyifu huu kwa mikono yao wenyewe. Walio pwani waweza kutumia majedwali ya kujaa na kupwa, wakachora mwendo wa maji kwa mwezi mmoja, kisha wakaokota kimo cha saa sita ya kila siku na kuona wimbi la majuma mawili likizaliwa mbele ya macho yao. Walio bara hawana haja ya bahari. Joto la hewa lina mzunguko wa saa 24. Na lipimwe kila saa kwa siku 25, kisha kiokotwe kipimo kimoja katika kila 25. Vipimo vitakavyobaki vitakuwa 24, na grafu yake itaonyesha joto likipanda kwa siku kadhaa na kushuka kwa siku kadhaa, kana kwamba siku moja imenyoshwa ikawa siku 25. Kisha warudie, mara hii wakichukua wastani wa kila vipimo 25 badala ya kuokota. Mlima na bonde la bandia vitatoweka karibu kabisa, na kitakachobaki ni mabadiliko ya kweli ya hali ya hewa ya majuma hayo.

Yaweza kusemwa kwamba mtaala umekwisha kujaa na walimu wana kazi nyingi. Hilo si la kupuuzwa. Lakini zoezi la namna hii halidai kitabu kipya wala mtambo wa bei kubwa; hudai hesabu ya kugawanya, karatasi ya grafu na subira. Na wanafunzi wa leo ndio watakaokabidhiwa kesho kumbukumbu za mvua, za mito, za magonjwa na za bahari, zilizojaa namba zaidi ya zile ambazo kizazi chochote kilipata kuwa nazo. Wataombwa wazifupishe ili wakubwa wapate kuamua mahali pa kujenga daraja au ukuta wa bahari. Wakiwa wameizoea tangu darasani ile tabia ya kuuliza ni nini kilichojificha baina ya kipimo na kipimo, maamuzi hayo yatasimama juu ya ukweli.